Mtani wa Kura za Mbali

Kazi yangu ni kutukana askari kwa niaba ya serikali. Nina kitambulisho cha kazi hiyo, nina kiti kinachozunguka, na nilikula kiapo mbele ya hakimu kwamba nitawatukana wote kwa haki, bila woga wala upendeleo. Sijui ni ofisi gani nyingine ingemchukua mtu aliyesoma uhandisi wa mawasiliano mpaka mwaka wa tatu, halafu akafukuzwa kwa kuifundisha lifti ya chuo kusema "tafadhali shuka, umezidi uzito" kila anapoingia mkuu wa kitivo. Namshukuru Mungu. Na ile lifti naishukuru pia.

Kituo chetu kiko Makambako, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa ghala la mbao, pale upepo unapopita kama una haraka ya kuwahi Mbeya. Kila mtani ana kibanda chake cha kioo. Mpare anasubiri Wachaga wake, Mzaramo anasubiri Wanyamwezi wake, na mimi, Otmari Komba, Mngoni wa Peramiho, nasubiri Wahehe wangu. Mgeni akipita katikati yetu siku ya kazi anaweza kuita polisi.

"Ukoo wenu wote mkipangwa foleni hamjazi hata kiberiti cha akili," utamsikia Mpare anasema kwa upole kabisa, huku ameegemea kiti. Anasikiliza jibu, anacheka mpaka miwani inamwanguka, halafu anakaa sawa kama yuko kanisani na kutamka, "Nimemjua." Anagonga kitufe cha kijani. Na huko Antaktika, ndani ya meli ya utafiti, Mchaga mmoja anafunguliwa ukurasa wake wa kura.

Asubuhi ile wa kwanza kwangu alikuwa Koplo Fortunata Kikoti, wa kata ya Itonya, Kilolo. Kikosi cha ulinzi wa barafu, Ukingo wa Kusini, Mwezini.

"Haya, Mhehe," nikaanza, "toka huko ulikojificha. Mama yako hajambo? Bado anamwonya yule mbwa wenu asikae karibu na jiko, maana sufuria inamtamani?"

Nikasubiri. Utani wa Mwezini una kero yake. Unalitupa neno, linapanda taratibu, linafika, mwenzako anacheka, kicheko nacho kinashuka taratibu. Ni sekunde mbili na nusu tu, lakini kwa mtu anayengoja kuambiwa babu yake alikuwa mwizi wa viazi, ni ndefu. Nikazihesabu. Zikapita. Zikapita tena.

"Shikamoo," ikasema sauti. "Nimekusikia. Naomba tuendelee na utaratibu."

Nikavua hedifoni, nikaiangalia. Mtani hapewi shikamoo. Mimi sijawahi kupewa shikamoo na Mhehe hata siku moja, hata na watoto wa chekechea wa Mafinga.

"Koplo, utaratibu ndio huu. Mimi nakutukana, wewe unanitukana. Au huko juu wamewakataza? Naambiwa Wahehe mlipotua Mwezini mliuliza kwanza kama kuna mbwa wa porini."

"Hapana. Hakuna mbwa."

"Najua hakuna, Koplo."

"Sawa."

Mbele yangu kulikuwa na mshale wa kipimo. Ukipata mtu aliye hai unacheza kama nzi kwenye kioo. Wa Koplo Kikoti ulikuwa umelala chini kabisa. Nikajaribu viazi, nikajaribu pombe yao ya ulanzi, nikajaribu jinsi wanavyoongea kama wanaimba. Akawa ananijibu kama karani wa benki. Ndiyo. Hapana. Nimekuelewa.

"Koplo," nikasema mwishowe, "unaelewa nisipokujua leo, unabaki na nafasi mbili?"

"Naelewa."

"Na zikiisha?"

"Jina langu linahamishiwa kwa wasiojulikana. Sipigi kura yoyote mpaka nirudi nyumbani kwa miguu yangu. Mkataba wangu bado miaka sita." Alisema yote hayo kwa sauti moja, kama anasoma ukutani. Halafu, kwa mara ya kwanza, sauti ikaparuza kidogo. "Ila kura hii naihitaji, ndugu. Ni kura ya maji ya kwetu. Niliahidi sitaikosa."

Muda wa laini ukaisha, ikakatika.

*

Labda umesahau mwaka wa mapacha, au ulikuwa bado mdogo. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza ambao wananchi walio mbali, askari na raia, walipiga kura kwa laini popote walipo. Wakakaguliwa uso, sauti, dole gumba na mboni ya jicho. Vyote vikapita vizuri. Kura zilipokuja kuhesabiwa, wapiga kura wa mbali wakawa wengi kuliko watu wenyewe. Baharia mmoja wa Mtwara alikuta amepiga kura nne, zote akiwa amelala. Mashine zilikuwa zimeshajifunza kila kitu ambacho mwili wa mtu unaweza kukitoa, zikatengeneza mapacha, na mapacha wakaenda kupiga kura wakiwa wamechana nywele vizuri.

Ndipo mwanasheria mmoja wa tume ya uchaguzi akaenda kuzika Mbinga. Pale makaburini akaona mtani wa marehemu ameingia shimoni na kulala, anadai pamenoga na hatoki. Mfiwa akamrushia udongo na kumwita jina ambalo haliandikiki, huku machozi yanamtoka na kicheko pia kinamtoka. Mwanasheria akasimama pale na viatu vyake vya mjini, akajiuliza ni mashine gani ingeweza hivyo.

Maana mashine kutukana inaweza, tena vizuri. Shida ndiyo hiyo, inatukana vizuri mno. Mtu wa kweli ukimgusa anashtuka kwanza. Anavuta pumzi, anatafuta neno, analikosa, anaokota jingine bovu na kulitupa hivyo hivyo. Mshale wetu unapima ile pumzi na ule mkanganyiko, ukishatoa muda wa sauti kwenda na kurudi. Na bado mshale ni mshauri tu. Neno la mwisho sheria imempa mtani. Lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Nimemjua."

Mimi nimedanganya vitu vingi maishani mwangu. Nimewahi kumwaminisha mpangaji mwenzangu kwamba friji yetu inasikia Kiingereza tu. Lakini neno hilo moja sijawahi kulichezea.

*

Mkuu wetu wa kituo ni Bi. Zamda Mketo, mama wa Kitanga, mwembamba, ana sauti ya chini ambayo watu wote kumi na mmoja tunaisikia. Kabla ya kikao cha pili cha Koplo Kikoti alikuja kusimama nje ya kibanda changu, chai mkononi.

"Wenzake wa kikosi wameshapita wote," akasema. "Huku Otmari wangu ananiambia mmoja hana mdomo."

"Ndivyo ilivyokuwa, Bi. Zamda."

"Huko kambini kuna programu inauzwa kimya kimya. Wanaiita Kasuku. Unaiwasha, inakutukania kwa sauti yako, wewe unakwenda kulala. Kijana wa Tarime tumemnasa nayo jana. Alitukana kwa vina."

"Huyu wangu hajawasha kitu. Mwenye Kasuku hawezi kuwa mbaya kiasi hiki."

"Au Kasuku wake mbovu," akasema Bi. Zamda, akanywa chai.

Laini ikafunguka. Safari hii sikuanza na tusi.

"Koplo, habari za huko?"

"Salama." Pumzi. "Ndugu, nikwambie kitu. Wenzangu wa chumba wameniambia niwashe Kasuku, yaishe. Wamekuja nayo mpaka kitandani. Nimekataa."

"Kwa nini umekataa?"

"Mama asingependa."

 Sheria hairuhusu kumuuliza mpiga kura mambo ya nyumbani kwake, kwa sababu anayejua shida zako anaweza kukununua. Kwenye kioo Bi. Zamda alikuwa ameshainua kidole. Lakini mimi kabla ya kuwa mtumishi wa umma nilizaliwa mtani, na lile "asingependa" lilikuwa limekaa vibaya.

"Koplo, mama yuko wapi?"

Mbili na nusu. Zikawa tano. Zikawa kumi.

"Wamemzika juma lililopita," akasema. "Mimi nilikuwa zamu ya nje, nimevaa kofia. Nikaambiwa nikirudi ndani. Mkuu wa kikosi alinipa pole vizuri sana. Kila mtu hapa amenipa pole vizuri sana."

Nikakumbuka neno langu la kwanza kwake. Mama yako hajambo. Mbwa na sufuria. 

"Pole, Koplo. Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nikwambie nini? Ulianza na mama. Nikasema, huyu ni mtani wa aina gani, msiba umempita mlangoni na bado anapiga hodi?"

Mshale ukanyanyuka. Niliuona kwa macho yangu, ukanyanyuka kama mgonjwa anayetaka uji, halafu ukalala tena.

"Na kule kwenu," nikauliza, "watani walikuja?"

"Wa kutoka wapi? Wangoni wa Itonya wote wamehamia mjini. Alizikwa kimya, ndugu. Walilia, waliimba, walikula, wakaondoka. Jumamosi wanaanua matanga, na hakuna hata mtu mmoja aliyeiba kuku."

  Msiba wa Kihehe ambao hakuna Mngoni wa kuiba kuku, wa kujifunga kanga za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wamfukuze na mwiko, huo msiba umebaki wazi kama mlango usio na komeo. Mtu anaweza kukaa humo miaka. Fortunata alikuwa amekaa humo, huko juu kwenye baridi, amezungukwa na watu wema kutoka nchi nane wanaompa pole kwa adabu.

*

"Ni yeye," nikamwambia Bi. Zamda. Tulikuwa jikoni mwa kituo, upepo unapiga mabati. "Acha nigonge kijani kesho. Ni yeye kabisa."

"Unamjua au unamwonea huruma?"

"Tofauti iko wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Mwaka wa mapacha mimi nilikuwa karani wa simu. Unajua mapacha walituambia nini? Nusu yao walikuwa wamefiwa. Dada, nimempoteza mama, sauti imenikauka, naomba nipitishe tu. Wengine walikuwa wanalia, Otmari. Nikawapitisha. Nilimpitisha mmoja na dua nikamwombea. Waliotengeneza zile mashine walijua sisi ni watu wa huruma, wakaingilia hapo hapo."

"Lakini mshale ulinyanyuka."

"Kidogo."

"Kidogo ni kitu."

"Mshale ni mshauri. Neno ni lako. Kesho ukisema umemjua, hakuna wa kukupinga, hata mimi. Hakuna atakayekuja kukagua. Ndiyo maana nakuomba usiliseme kabla hujamjua. Yule baharia wa Antaktika, yule nesi wa Oman, wale vijana wa kulinda amani, kura zao zote zimekaa juu ya hilo neno tu. Hazina kitu kingine chini yake."

Nikabaki naangalia kikombe chake. Nikisema uongo, binti wa watu anapata kura aliyomwahidi mama yake, na pengine ni yeye kweli. Nikikaa kimya, nakuwa nimemfuta mtu kwenye orodha ya nchi yake kwa kosa la kuhuzunika. Nilitamani lifti ingekuja kuniambia nishuke.

"Bi. Zamda," nikasema baadaye, "kifungu cha tisa kinasemaje?"

"Unakijua."

"Nataka nikisikie kwa sauti yako."

"Utani utafanyika kituoni, au mahali popote ambapo kwa desturi watani hao hukutana."  Taratibu, upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. "Matanga yanaanuliwa lini?"

"Jumamosi. Kura inafungwa Jumapili."

"Basi mimi sijasikia lolote. Ila beba betri mbili. Milimani kule betri zinakufa kwa baridi."

Kabla sijaondoka nilimpigia Koplo, dakika mbili tu za taarifa ambazo hazihesabiwi kuwa kikao. Nikamwambia ninachotaka kufanya. Sikutaka kwenda kuchezea msiba wa watu kwa ajili ya kitufe.

"Nikifika kwenu nitafanya fujo ya kweli," nikasema. "Siyo fujo ya serikali. Watu wanaweza kukasirika. Na wewe utakuwa unaona kila kitu. Ukisema hapana, siendi, na sitakulaumu."



"Na mimi nitajuaje," akauliza, "kama wewe ni mtani kweli, siyo mashine ya serikali?"

"Utanikagua."

"Nitakukagua," akasema. "Njoo."

*

Itonya iko juu mpaka mawingu yanapita chini ya mtu. Ukingoni mwa mlima wamesimamisha nyavu za ukungu, ndefu kama goli za mpira, na ukungu ukipita unaacha maji yake, yanachuruzika kwenye mabomba mpaka tangini. Funguo za tangi hilo zilikuwa kiunoni kwa mama yake Fortunata tangu nyavu zilipofungwa. Sasa kata ilikuwa inapiga kura kama maji yabaki mikononi mwa kijiji au yapewe kampuni ya mjini. Mabango ya pande zote mbili yalikuwa yameloa.

Nikaingia uani nimevaa laini shingoni, kidude kama kopo la maziwa, jicho lake likiangalia mbele. Mwezini Koplo alikuwa anaona ninachoona. Makambako Bi. Zamda alikuwa anasikia, na mshale uko mbele yake.

Watu walikuwa wamekaa kimya kabisa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, sufuria za makande motoni. Mama mmoja mnene, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, akaja kunipokea. Alikuwa mama mkubwa Yustina, dada wa marehemu.

"Karibu, baba. Umetokea wapi?"

"Songea," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mimi Mngoni. Nimeambiwa kuna Mhehe amekufa, nikasema siamini mpaka nione. Wahehe wanajulikana kwa kujificha wakiona mgeni wakati wa chakula."

Ua likaganda. Kijana mmoja akainuka kwenye benchi, ngumi amekunja. Mama mkubwa Yustina aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, na kichwani mwangu nikamwomba Mungu msamaha kwa yote, hata friji.

"Umechelewa," akasema, taratibu. "Tumezika bila wewe."

"Nilikuwa nasubiri muishe kulia. Mnalia vibaya."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Sikujua unaelekea wapi, na sikusubiri kujua. Kulikuwa na kuku anapita, nikamkamata, nikambana kwapani. Nikavuta kanga mbili kwenye kamba, nikajifunga moja kiunoni, nyingine kichwani. Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa kitupu mlangoni, ambacho watu wote walikuwa wanakikwepa.

"Mimi ndiye marehemu," nikatangaza. "Nimerudi. Nani kala kiazi changu?"

Bibi mmoja kwenye mkeka akatoa sauti kama ya birika. Alikuwa anacheka. Alijiziba mdomo na kanga, na wa pembeni yake akaanza, na wa pembeni yake.

Nikasimama kumwigiza. Sasa hapo nikuambie, sikuwahi kumwona yule mama, na sikuuliza mtu. Nikafanya bibi mzee kama wa maigizo ya shule: mgongo umepinda, mkono kiunoni, sauti inatetemeka kama redio mbovu. Nikazunguka ua nachechemea, kuku kwapani, nawaomba watu chumvi.

Nikazunguka mara ya kwanza. Mara ya pili. Kifuani kopo liko kimya.

"Mngoni." Sauti ikatoka kwenye kopo. "Hebu simama."

Nikasimama. Ua zima likasimama.

"Huyo unayemwigiza ni nani?"

"Mama yako."

Mbili na nusu. Nilisikia pumzi inavutwa, ikakwama, ikavutwa tena.

"Mama yangu hakuwahi kuchechemea hivyo hata siku moja. Unatembea kama mtu aliyekalia mbigili. Mama alikuwa anatembea kama, kama..." Akalikosa neno. Likamponyoka kabisa, nikamsikia analitafuta huko gizani kwake. "Kama njia ni yake na nyie wote mnapitishwa kwa hisani. Na hiyo kanga umeifunga kama mfuko wa panya wako wa jioni. Ifungue. Unamwaibisha, mla panya wewe. Mmetembea kutoka kusini mwa Afrika yote mkashindwa kujifunza kutembea."

Watu wakaangua kicheko. Mama mkubwa Yustina alikuwa ameshika kichwa, machozi yanamiminika.

"Sasa nifanyeje?" nikauliza. "Mimi mgeni. Nionyeshe basi."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sikulitegemea.  Kwenye lile kopo ikatoka sauti nyingine, nzito, ya mama anayeita mtu kutoka ng'ambo ya bonde.

"Weee, nani kafungua bomba akaliacha linalia? Maji haya mnadhani yananyesha?"

Mwanamume mmoja karibu na tangi akageuka kuliangalia bomba. Alijigeukia tu, mwili ulimgeuza wenyewe. Akajishtukia, akakaa chini kwenye majani, akaanza kulia na kucheka vyote kwa pamoja.

"Ndo mwenyewe," akasema mama mkubwa Yustina. "Jamani, ndo mwenyewe huyo. Fortunata, mwanangu, endelea."

Na Fortunata akaendelea. Alimwigiza mama yake anavyogombana na paroko, anavyohesabu mbegu, anavyompigia simu Mwezini na kumuuliza kama amevaa sweta. Kila alipokosea walimkosoa, naye akawatukana, nao wakamtukana. Wakati mwingine alilia katikati ya neno, na walimngoja. Kitu cha ajabu, hakuna aliyemwambia pole.

Sikuhitaji kuuliza mshale. Bi. Zamda aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unapiga ukingoni mpaka aliushika kwa kidole usivunjike. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama katikati ya ua wa watu, nimevaa kanga, nina kuku, na najua. Najua kama ninavyojua mlango wa kwetu.

Nikaliinua kopo usawa wa mdomo.

"Nimemjua," nikasema.

*

Sheria inataka mpiga kura aachwe peke yake. Nikaligeuza kopo likaangalia ukuta, nikalifunika na ile kanga, na watu wote wa ua ule, wanaojua kelele kama wanavyojua majina yao, wakatulia wenyewe. Ukungu ukawa unapita kwenye nyavu juu yetu. Nilisikia maji yanaingia tangini.

"Tayari," ikasema sauti chini ya kanga.

"Kapigia upande gani?" akanong'ona mama mkubwa Yustina.

"Haulizwi, mama mkubwa."

"Najua haulizwi. Nauliza tu."

Nikafunua kopo. Wakati huo walishaniletea makande, bakuli kubwa la mtu aliyefanya kazi. Yule kijana aliyetaka kunipiga alikuwa ananiuliza kama nitarudi kwa harusi yake, maana Wangoni hawapatikani.

"Mtani," akasema Fortunata. Lilikuwa jina jipya, hakuwahi kuniita hivyo. "Asante kwa kuja kumzika mama."

"Nashukuru kukaribishwa. Sijawahi kupewa kazi nzuri kama hii." Na haukuwa mzaha. "Ila ulisema utanikagua. Hujaniambia nimepita au nimefeli."

Mbili na nusu. Nikaangalia angani, mchana kweupe, Mwezi wenyewe ulikuwa hauonekani.

"Huyo kuku uliyembana kwapani," akasema, "ni mweupe."

"Ndiyo."

"Mama alifuga weusi tu. Umeiba kuku wa jirani."

Nikageuka. Ng'ambo ya uzio wa matete mzee mmoja alikuwa amesimama ananiangalia, mikono kiunoni, na kwa sura yake alikuwa amesimama pale muda mrefu.

"Mashine ingeuliza kwanza," akasema Fortunata, na kicheko chake kikashuka mpaka kwetu, kimechelewa kama kawaida yake. "Umepita, mtani. Nimekujua."